Rimu za 18 kwenye Impreza ya 1995: usilipe kabla ya kupiga hesabu hii

Msomaji wa Arusha ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 1995, sedani, gia za mkono, haijashushwa. Bado inatembelea rimu zake za 15 na matairi 205/55R15. Nimepata rimu za 18 za mtumba, zina upana wa 8J, ET35, tundu tano za 114.3, na matairi yake 225/40R18 bado mazuri. Muuzaji atanipa na adapta za milimita 20 za kuhamisha kutoka 100 kwenda 114.3, na anaapa kwamba hazitagusa popote. Nichukue? Na hizi za zamani niuze?"

Marahaba, mdogo wangu. Rimu hizo ziache. Na sikukatazi 18 kwa sababu tu ni 18. Zinazokataa ni zile namba ndogo alizozitaja muuzaji harakaharaka: 8J, ET35 na adapta ya milimita 20. Inchi za rimu ndizo zinazovutia macho barabarani, lakini kinachoamua kama gurudumu litakaa chini ya fenda ni upana na ET. Na kama gari litaendelea kwenda kama Subaru walivyolipanga, hilo linaamuliwa na kipenyo cha tairi zima, kuanzia lami hadi juu.

Tuanze na ET. Huu ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaobana kwenye habu. ET ikiwa kubwa, rimu inazama ndani ya fenda. Ikipungua, rimu inachomoza nje. Subaru za miaka hiyo zina ET kubwa, hamsini na kitu. Fungua gurudumu moja, ligeuze, usome kilichochapwa nyuma ya spoku au karibu na tundu la katikati. Nitachukulia kwamba yako ni 6JJ, yaani upana wa inchi 6, yenye ET55. Ukikuta tofauti kidogo, badilisha namba tu, hesabu ni ile ile.

Inchi 6 ni milimita 152.4, nusu yake 76.2. Toa 55, unabaki na 21.2: hicho ndicho kipande cha rimu kilicho upande wa nje wa uso wa habu. Rimu ya muuzaji ni inchi 8, yaani milimita 203.2, nusu yake 101.6. Adapta ya milimita 20 inaisogeza nje kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo ET35 inageuka kuwa ET15. Toa 15 kwenye 101.6, unapata 86.6. Ukilinganisha na 21.2 ya sasa, tofauti ni milimita 65. Kila gurudumu litatoka nje sentimita sita na nusu kupita lilipo leo, mbele na nyuma, kulia na kushoto.

Ili uone ukubwa wa hilo, angalia walichofanya Subaru wenyewe. Mwaka 1998 walitoa Impreza 22B STi, magari 400 kwa soko la Japani, yenye rimu za 17 zenye upana wa inchi 8.5 na matairi 235/40R17. Hawakuyasukuma matairi hayo chini ya fenda za kawaida wakaomba Mungu. Walipanua mwili wa gari kutoka milimita 1,690 hadi 1,770, yaani 40 kila upande. Wewe unataka kutoa 65 kila upande chini ya fenda ambazo hazijaguswa. Muuzaji anayeapa kwamba hazitagusa, ama hajapiga hesabu, ama anajua kwamba utakapopita tuta la kwanza ukiwa na watu watatu nyuma, hela yake itakuwa mfukoni tayari.

Adapta nayo ina mambo yake. Kazi yake ni kuhamisha duara la tundu za nati, kutoka kipenyo cha milimita 100 cha habu yako hadi 114.3 cha rimu hizo. Ni kipande cha chuma kinachofungwa kwenye habu kwa nati, halafu chenyewe kina bolti zake za kufungia rimu. Bolti za habu yako zinaweza kuchomoza kupita unene wa milimita 20, na kama rimu haina mashimo mgongoni ya kuzipokea, haitakaa sawa. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huchukua grinda na kuzikata. Kuanzia siku hiyo huwezi tena kurudisha rimu za kawaida kwa usalama. Halafu zile nati za ndani, zinazoshika adapta kwenye habu, zinajificha nyuma ya rimu, na hakuna anayezikagua mpaka gari lianze kutetemeka. Sisemi kwamba adapta zote ni mbovu. Zipo zilizotengenezwa vizuri, zenye pete ya kukaa katikati ya habu. Ila kwa gari lenye umri wa miaka thelathini, ambalo rimu zenye tundu zake sahihi bado zinapatikana, sioni sababu ya kuongeza kiungo kingine kati ya habu na gurudumu. Kumbuka pia kwamba kadiri gurudumu linavyotoka nje, ndivyo beringi inavyobebeshwa kwa pembe mbaya na usukani unavyovutwa na kila mfereji wa lami iliyobonyea. Beringi za nyuma za Impreza hizi zilikuwa zinasumbua hata kwa rimu za kiwandani.

Sasa kipenyo. 205/55R15 maana yake upana ni milimita 205, ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni inchi 15. Ubavu ni 112.75, zidisha mara mbili, jumlisha na milimita 381 za rimu, unapata 606.5. Tairi la muuzaji, 225/40R18, ni 180 jumlisha 457.2, yaani 637.2. Limezidi kwa asilimia 5. Mita ikikuonyesha 50, unatembea 52.5, ikionyesha 80, unatembea 84. Mita nyingi za kiwandani huzidisha kidogo, hivyo sehemu ya kosa hilo itamezwa, lakini trafiki mwenye tochi hatakusikiliza ukimweleza mambo ya kipenyo. Kinachoniuma mimi zaidi ni gia. Umerefusha kila gia kwa asilimia 5 kwenye injini ya lita 2 ambayo, kabla turbo haijaamka, tayari ni nzito kuondoka. Na kwenye shokapu za kawaida, ile sahani inayobeba springi iko juu kidogo tu ya tairi. Tairi lililokua milimita 30 limepanda milimita 15 kuelekea kwenye sahani hiyo.

Utaniambia: basi niweke 215/35R18. Hesabu yake ni nzuri kweli, 607.7, karibu sawasawa na la kiwandani. Lakini ubavu wake ni milimita 75. Umetoka kwenye 113. Hizo milimita 38 zilizopotea ndizo zilizokuwa zinapokea mashimo, rasta na mawe ya bega la barabara kabla rimu haijapokea. Angalia pia ile namba ndogo ya uzito iliyoandikwa baada ya saizi. Tairi lako la sasa kwa kawaida ni 88, yaani kilo 560 kwa tairi moja. 215/35R18 nyingi ni 84, kilo 500, tena zikiwa ni zile zilizoimarishwa, zenye herufi XL, zinazotaka upepo mwingi zaidi ili kubeba uzito huo. Ubavu mfupi na upepo mwingi, kwenye barabara ya kwenda Babati kipindi cha mvua: utanunua rimu moja moja kila mwaka.

Watu huniletea picha za Impreza za rali wakisema "mbona zile zina rimu kubwa?" Hazina. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda ya 2000 na Impreza, na magari ya rali kwenye vumbi na mawe hukimbia kwenye rimu za 15. Rimu za 18 huwekwa kwenye rali za lami. Hata leo, magari yanayokuja Naivasha kwa ajili ya Safari yana nguvu za kutisha na rimu za 15. Rangi ya dhahabu ya rimu hizo ndiyo inayozifanya zionekane kubwa pichani. Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu hapa hapa: za 15 usiuze. Zivishe matairi mazuri, uziweke stoo kwa safari za kijijini. Hakuna atakayekupa bei ya maana kwa rimu za kiwandani za 15, na siku ukizihitaji hutazipata nne zinazofanana.

Kuna sababu moja ya kweli ya kupandisha rimu kwenye gari hili, nayo ni breki. Impreza za baadaye kidogo, zile za STI za mwishoni mwa miaka ya 90, zilikuja na kalipa za mbele za pistoni nne, na rimu nyingi za 15 hazipiti juu ya kalipa hizo. Ukifikiria kubadilisha breki siku moja, 16 ndiyo pa kuanzia. Ukifikiria kalipa kubwa za Brembo, hesabu 17.

Ningekuwa wewe ningetafuta rimu za 16 za Subaru zenyewe, 7JJ, ET53 au karibu na hapo, tundu tano za 100, kisha nikazivisha 205/50R16. Kipenyo chake ni 611.4, tofauti na ya kwako haifiki asilimia 1. Kwa hesabu ile ile ya juu, zinatoka nje milimita 15 na kuingia ndani 11 zaidi ya zako; Subaru walizitumia kwenye mwili huu huu, kwa hiyo nafasi ipo. Gari linajaza fenda vizuri na ubavu bado una milimita 102.

Kama moyo haujatulia mpaka uone 17, chukua 7J yenye ET kati ya 48 na 53, na 205/45R17. Kipenyo ni 616.3, imezidi kwa asilimia 1.6, hiyo inavumilika. Si saizi niliyoiokota mimi: Prodrive, kampuni ya Uingereza iliyoendesha timu ya rali ya Subaru, ilipotoa Impreza P1 ya milango miwili mwaka 2000, ndiyo saizi waliyoiweka. Kama wale walioyaendesha magari haya kwa ushindani waliridhika na 205 kwenye 17, sioni 225 yako inatafuta nini. Hakikisha namba ya uzito ni 88 XL, usikubali 84. 7.5J nayo inaingia kwenye magari mengi, ila hapo unaanza kupima kila upande, maana gari la miaka thelathini limeshagongwa na kunyooshwa, na fenda ya kushoto haifanani tena na ya kulia. Kukunja mdomo wa fenda ya nyuma kunawezekana, lakini bila kupasha rangi moto kwanza rangi itapasuka, na kutu itaingia mahali ambapo pameunganishwa na mwili wote wa gari.

Jambo linalohusu Subaru kuliko magari mengi: matairi yote manne yawe mapacha. Saizi moja, aina moja, uchakavu mmoja. Gari lako linagawa nguvu mbele na nyuma kwa difu ya katikati yenye kifaa cha mafuta mazito ya silikoni, kinachobana pale mbele na nyuma zinapozunguka kwa kasi tofauti. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa dakika chache za tope au utelezi. Ukiweka mbele matairi mapya na nyuma yaliyokaribia kipara, kinaona gari linateleza kutoka Arusha hadi Dodoma. Kinachemka, kinakufa, na difu hiyo si ya bei ya tairi. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6.4. Hiyo ni mzunguko, futi ya fundi cherehani ikiwa imezungushwa juu ya tairi lililojazwa upepo. Kwa kina cha mifereji ni kama milimita moja tu. Ndiyo maana "yale mawili ya nyuma nitanunua mwezi ujao" haifanyi kazi kwenye gari hili. Na mambo ya kuweka matairi mapana nyuma kuliko mbele waachie wenye magari ya kusukumwa na nyuma.

Ukienda kununua, beba rula nzuri. Tundu tano huwezi kuzipima kwa kuvuka katikati, kwa sababu hakuna tundu linalotazamana na jingine. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake: 58.8 ni 5x100, 67.2 ni 5x114.3. Ukiwa dukani utaambiwa kwamba rimu za Toyota Wish, Allion au Caldina nazo ni 5x100, kwa hiyo "zinaingia". Tundu tano zinaingia, ndiyo, ila tundu la katikati la Toyota hizo ni milimita 54.1 na habu ya Subaru ni 56.1. Rimu itagoma milimita chache kabla ya kukaa. Nimeona mtu akizivuta kwa nati mpaka zikakaa. Hiyo ni rimu inayosubiri kupasuka. Kinyume chake, rimu nyingi za mitumba zisizo za kiwandani zina tundu la katikati la 67 au 73. Hizo zinahitaji pete za kujaza nafasi hiyo, 56.1 ndani, bila hivyo gari litatetemeka ukifika 80 au 100 na utarudi kubalansi mara tatu bila kupona. Na kwa kuwa nimetaja STI: zile za matoleo ya 2005 na kuendelea zilihamia 5x114.3, kwa hiyo "rimu za STI" peke yake si jibu. Uliza mwaka.

Geuza rimu uangalie mgongoni. Rimu za Japani zilizopimwa huwa na alama ya JWL, mara nyingi pamoja na VIA. Alama huigwa, lakini rimu isiyo nayo kabisa ina maswali zaidi. Pitisha kidole kwenye mdomo wa ndani, hapo ndipo mashimo yanapogonga na hapo ndipo welding hufichwa chini ya rangi mpya. Rimu ya mtumba iliyopakwa rangi wiki hii mimi huiacha. Kwenye matairi "bado mazuri", tafuta tarakimu nne mwishoni mwa mstari wa DOT: 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Mifereji inaweza kuwa mirefu huku mpira umekuwa mgumu, umeanza nyufa ndogo ubavuni. Tairi kama hilo kwenye gari lenye turbo, lami ikiwa imelowa, sitaki kuwa abiria.

Siku ya kufunga, kwangua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kwa sababu ganda la kutu tu linatosha kuiweka rimu upande. Kisha nati. Subaru wanatumia M12x1.25, Toyota wanatumia M12x1.5. Kwa macho ni nati moja. Ukiipachika ya Toyota kwenye bolti ya Subaru itazunguka kwa mkono mizunguko miwili hivi, halafu itakaza. Fundi tairi atadhani ni kutu, atachukua bomba aongeze urefu wa wilispana, na atakapomaliza hajafunga nati, amekata meno ya bolti. Kila nati lazima iingie kwa vidole hadi ifike kwenye rimu. Ikigoma, simamisha kazi. Kaza kwa nyota, si kwa mduara, kwa spana ya kupimia nguvu kwenye Nm 90 hivi, kisha rudia baada ya kilometa 100.

Kabla hujatoka gereji, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, gari likiwa chini. Halafu weka jeki chini ya mkono wa chini wa gurudumu moja la nyuma, pandisha taratibu mpaka shokapu ibanwe, upitishe vidole kuzunguka tairi: fenda, shokapu, bomba la breki. Rudia mbele huku usukani umekatwa. Nafasi ya kidole kimoja upande wa shokapu inatosha. Upande wa fenda nataka zaidi, kwa sababu busi za zamani zinaachia gurudumu litembee. Na kama busi zenyewe zimekufa, zianze hizo kabla ya rimu, kwa maana alaimenti haitashika na gari litakula tairi kwa ndani ukiwa umelipia tairi jipya.

Upepo upime asubuhi, matairi yakiwa ya baridi. Anza na namba za kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, ukiongeza psi 2 hadi 4 kama umeingia kwenye XL. Simama karibu na kijana wa upepo anapojaza, maana kila gari kwake ni 40.